Simba Wawili, Ncha kwa Ncha

Haya, ule mlango ulifungwa. Wiki nzima mmenisumbua sokoni, kanisani, hata nikiwa msalani mtu anabisha, "Mwandishi, wale wazee walimfanya nini Mokaya?" Tulieni basi. Nilikuwa nakula ugali wangu kwa amani, nyinyi ndio mliokosa usingizi.

Mlango ulifungwa kwa komeo. Wazee wa Ntimaru, huko mpakani kwa Wakuria, wakasimama kati ya Mokaya na mwanga wa asubuhi. Sanduku lake lilikuwa wazi mezani, limejaa visu vya kukunja vilivyong'arishwa mpaka vinatia aibu vijiko vya mwenye nyumba. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa ngozi aitwaye Mirumbe, aliinua mikono akapaza sauti:

"Omosari! Omosari amefika!"

Nje wanawake wakapiga vigelegele.

Msomaji usiyejua Kikuria, omosari ni ngariba, yule anayewatoa vijana utotoni kwa mkato mmoja. Mokaya alikuwa Mkisii, na neno hilo ni lilelile kwao. Kwa hiyo hakuhitaji mkalimani. Alihitaji kiti.

"Wazee wangu," akasema, "nani amewaambia mimi ni omosari?"

"Wewe mwenyewe," Mirumbe akajibu. "Jana usiku nilikuuliza hapa mlangoni, wewe ni mtu ya nini? Ukasema nini?"

Mokaya akakumbuka. Alikuwa amesema, kwa madaha yote, "Mimi ni mtu wa visu."

Mdomo huponza kichwa. Safari hii ulikuwa unaelekea kuponza vichwa vya watu wengine, tena si vichwa.

"Omosari yetu macho imeingia ukungu," Mirumbe akaeleza. "Tukamwambia, mzee, pumzika, hii si kazi ya kupapasa. Tukaagiza mtu ya visu kutoka ng'ambo ya mpaka. Tukaambiwa atakuja na sanduku. Sasa umekuja, sanduku ndiyo hii, na vijana wametoka mtoni wanangoja. Chagua kisu, baba."

Kwa wale waliodandia hadithi hii leo, nawaambia upesi kisha tuendelee.

Mokaya ni mwenye duka Homa Bay, anauza sukari na mafuta ya taa. Ni Msabato safi, na akiona damu ya kuku hulazimika kulala chini. Lakini amekusanya visu vya kukunja kuliko mtu yeyote kutoka ziwani mpaka mpakani, vyote vya chapa ya Simba, na hasa vile ambavyo kiwanda kilikosea. Havijawahi kukata hata chungwa. Mkewe Orpah akitaka kukata mboga huazima kisu kwa jirani.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka mpaka nilipoambiwa sababu.

Kabla ya vita vya pili vya Wajerumani, baba yake Mokaya aliwanunulia wanawe wawili kisu kimoja kimoja. Kisu cha Simba cha kawaida kina picha ya simba upande wa kushoto wa ubapa wake, na hapohapo pana kijishimo cha kuingizia ukucha ili ukifungue. Hicho alipewa Mokaya, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Cha pili kilikuwa na kasoro. Kiwandani walikigonga muhuri upande wa kulia, na kijishimo wakakitoboa huko huko. Mwenye duka alitaka kukitupa. Mzee akasema, "Lete. Mwanangu mkubwa Monari ni mashoto. Wazungu wamekosea vizuri." Akavilaza visu hivyo ncha kwa ncha, na simba wakawa wanatazamana. Akawaambia wanawe, "Na nyinyi msigeuziane mgongo."

Monari akaenda vitani Burma na kisu chake. Hakurudi. Wala haikuja habari kwamba amekufa. Tangu alipoota ndevu, Mokaya amenunua kila kisu cha Simba kilichopita Homa Bay, akikigeuza aone muhuri uko upande gani. Hakuwa anakusanya visu, alikuwa anamtafuta kaka yake.

Na leo ndiyo Jumapili ambayo ami yake, Ondieki, ameitisha watu nyumbani kwao karibu na Asumbi. Amesema inatosha. Amewaiga majirani Wajaluo, ambao mtu wao akipotea na mwili usionekane, huzika tunda la mti wa yago badala yake. Tunda likiingia ardhini, huyo mtu amekufa kabisa. Akirudi baadaye kwa miguu yake, hafunguliwi lango, kwa sababu anayebisha ni mzimu. Na Ondieki, katika huzuni yake kubwa, amekwisha kulipima shamba la Monari la bondeni kwa kamba.

Mama mtu, Bonareri, amekataa kulia. "Nitalia nikionyeshwa," alisema.

Ndipo Mokaya akasikia kwamba Mirumbe wa Ntimaru ana kisu chenye simba upande usio wake. Akapanda lori la rafiki yake Ogweno, dereva Mjaluo mwenye matusi mengi na breki chache. Jumamosi nzima walikaa Migori bila kusogea, kwa kuwa ni Sabato. Ogweno alitukana kimoyomoyo mpaka jua lilipotua.

"Lazima nirudi kabla ya maziko," Mokaya alimwambia njiani. "Baba ananingoja, na macho yake hayaoni tena."

"Baba yako si alikufa mwaka ya nzige?"

"Huyo ni tata. Baba ni mama yangu."

Ogweno alikaribia kuingiza lori mtaroni. "Omera, nyinyi Wakisii mama mnaita baba?"

"Kwetu mama ni baba, na baba ni tata."

"Yawa! Sasa mtoto akilia usiku anaita baba, ni nani anaamka?"

Sasa turudi ndani ya ule mlango uliofungwa, maana wazee wamechoka kusubiri.

"Na huyu je?" mzee mmoja aliuliza, akimnyooshea Ogweno fimbo. "Huyu naye amepita kwa kisu?"

Ogweno, mtu mzima mwenye mjukuu, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa marundo ya ngozi.

"Mimi ni dereva tu," akasema.

"Sikuuliza kazi."

Mirumbe alimsogelea, akamtazama usoni. "Fungua mdomo."

Ogweno akafungua. Mirumbe akainama, akaona pengo refu la chini ambapo meno yaling'olewa ujanani, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwacheni! Huyu amelipa kwao. Sisi tunalipia chini, wao wanalipia juu. Hawezi kulipa ushuru mara mbili."

"Nyasaye, Mungu wangu," Ogweno akanong'ona. "Sikujua iko siku nitashukuru kukosa meno."

Rafiki mmoja amepona. Bado mwingine, na huyo ndiye mwenye sanduku. Mokaya aliwaza haraka. Akisema yeye si omosari, watasema amekuja kuwadhihaki siku kubwa ya watoto wao. Akisema ndiye, ole wao hao watoto. Ilibidi asogeze wakati, na mwenye duka yeyote anajua kusogeza wakati. Unamsifia mteja bidhaa mpaka asahau alichofuata.

"Wazee wangu," akasema, akajikohoza. "Kwetu omosari hachagui kisu ambacho wazee hawajui ukoo wake."

Wazee wakatazamana. Neno hilo lilikuwa na heshima ndani yake. Wakaketi.

Mokaya akatoa cha kwanza. "Huyu simba hana mkia. Muhuri wa kiwandani ulikuwa umechakaa, wakavigonga hivi kabla ya kubadilisha. Ni vichache sana."

"Simba bila mkia anafukuzaje nzi?" mzee mmoja akauliza.

"Hafukuzi. Anavumilia."

Wazee wakatikisa vichwa. Kisu cha kuvumilia walikiona kinafaa.

"Na hiki, someni hapa. Palitakiwa kuandikwa England. Wameandika Enland. Fundi alisahau herufi."

"Kumbe hata wao hawajui kuandika kwao!" Mirumbe akafurahi kweli. Akakipitisha kisu kwa kila mzee, na wasiojua kusoma ndio waliocheka zaidi.

"Na hiki ni cha jeshi. Angalieni, kina mshale, alama ya mali ya serikali. Aliyekuwa akigonga hakuangalia, mshale umempata simba matakoni."

Kisu kilizunguka. Mzee mwenye fimbo alikitazama kwa muda, kisha akakirudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Hicho hapana. Mwenye mshale matakoni alikuwa anakimbia. Usimguse nacho mtoto ya mtu."

Ubishi ukazuka hapo. Mmoja akasema pengine simba alipigwa akiwa ameinama kula. Mwingine akasema simba hali akiwa vitani. Vijana huko nje walikuwa wanatetemeka kwa baridi ya mtoni, na humu ndani wazee wa heshima wanagombana kuhusu matako ya simba. Mokaya akaanza kupumua. Angeweza kuwapeleka hivyo mpaka mchana.

"Basi hiki nacho," Mirumbe akasema ghafla, akitia mkono ndani ya koti, "tuambie ukoo wake, maana ni chako mwenyewe."

Akaweka mezani kisu kizee cha mpini wa pembe. Mokaya akakigeuza.

Simba alikuwa upande wa kulia.

Alitoa kisu chake mwenyewe katika mfuko wa shati, kile alichopewa na baba yake, akavifungua vyote viwili, akavilaza ncha kwa ncha juu ya meza ya mtu asiyemjua. Simba wakatazamana. Mokaya akalia. Alilia mbele ya wazee wa Kikuria siku ya tohara, jambo ambalo hata mtoto wa mwisho kwenye mstari hangethubutu.

"Umepata wapi?" akauliza.

"Si wewe ulikituma?" Mirumbe akashangaa. "Mtu ya visu alimpa mjumbe wetu kisu hii, akasema, pelekeni kama amana, mwenyewe nakuja nyuma yake."

"Mwenyewe anakuja hapa? Leo?"

"Mwenyewe si wewe?"

"Si mimi!" Mokaya akapiga kelele. "Mimi ninauza sukari!"

Mngeona nyuso za wale wazee! Mwenye fimbo aliishika vizuri. Mirumbe alifungua mdomo atamke jambo ambalo gazeti hili lisingelichapa. Hapo kengele ya baiskeli ikalia uani, na vigelegele vikakatika.

Komeo likaondolewa. Mlangoni alisimama mtu mrefu, ndevu zimeanza mvi, koti la jeshi lililopauka, sanduku la bati begani.

"Nani nachukua kazi yangu hapa?" akauliza kwa Kiswahili cha kambini.

Mokaya alimrukia shingoni. "Kaka! Kaka Monari!"

Yule mtu aliangusha sanduku. Alimtazama huyu Mkisii mfupi anayemlowesha kola kwa machozi, kisha akatazama mezani. Akaona visu viwili, ncha kwa ncha. Taratibu akaondoa kofia.

"Kumbe hii ya pili iko kweli," akasema.

"Ipo! Siku zote nimekuwa nayo!"

"Na mama? Mama iko hai?"

"Yuko hai, anakataa kulia! Lakini leo jua likianza kushuka Ondieki anazika yago kwa jina la Monari. Likiingia ardhini lango limefungwa. Twende sasa hivi!"

Yule mtu alikichukua kisu chenye simba wa kulia. Akakikunja. Akakigeuza mkononi, akatafuta kijishimo, akakifungua, akakikunja tena na kukitia mfukoni.

"Nataka kuona huyu mama kabla ya watu kuzika," akasema. "Lakini kazi kwanza. Watoto nasikia baridi."

Kazi aliifanya kwa vyombo vyake mwenyewe, na aliifanya vizuri. Sitawasimulia, kwa kuwa waliopita wanajua na wasiopita wasiogopeshwe. Nitasema tu kwamba vijana wote walisimama wima bila kupepesa, ila Mokaya peke yake ndiye aliyeanguka chini kama gunia la mahindi. Mtu wa visu alibebwa na dereva.

"Huyu," Mirumbe alimwambia Ogweno wakimpakia, "mkifika kwenu mwambieni aseme anauza sukari. Kila mahali. Kabla ya salamu."

Lori likaondoka, nyuma limebeba ngozi za Mirumbe zinazonuka mpaka Migori wanajua unakuja. Mbele walikaa watatu. Mokaya alizinduka, akaanza kuongea, na hakunyamaza tena. Alimweleza yule mtu juu ya duka, juu ya Orpah, juu ya mwaka wa nzige. Alimsemesha Kikisii.

"Sema Kiswahili," yule mtu alisema.

Mokaya akahuzunika. Jeshi limemnyang'anya kaka yake hata lugha, akawaza, akaendelea kwa Kiswahili.

Karibu na Rongo injini ilipiga kelele kama nguruwe, moshi ukajaa. Ogweno akashuka, akafungua boneti, akarudi na kipande cheusi mkononi.

"Mkanda wa feni umekatika. Nahitaji kamba ya ngozi nifunge, itatufikisha. Ngozi tunazo. Mokaya, lete kisu."

Mokaya alilikumbatia sanduku lake.

"Kisu gani?"

"Kisu yoyote, omera! Sanduku mzima iko hapo!"

"Hivi si vya kukata."

Ogweno akatazama mbingu, akatazama jua, akamtazama Mokaya. "Visu si vya kukata. Wanapika maziko ya ndugu yako na wewe unaniambia visu si vya kukata."

"Ukikinoa muhuri unafutika, ukikata ubapa unachubuka, na..."

"Mimi iko na vyombo," yule mtu alisema, akiinuka.

"Hapana," Mokaya akasema. Alikuwa amemwangalia yule mtu usoni, akaona aibu. Akafungua sanduku. Mkono wake ulipita juu ya simba asiye na mkia, ukapita juu ya Enland, ukarudi. Akachukua yule mwenye mshale matakoni, akafumba macho, akakata ngozi ya ng'ombe wa Mirumbe kwa urefu, ubapa ukilia na kukwaruzika mpaka mwisho. Alipofumbua macho, mshale wa serikali ulikuwa umefutika nusu.

"Sasa amepona," Ogweno akasema. "Hakuna tena atamsema alikuwa anakimbia."

Mokaya alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Kisha akasukuma lori.

Walipokunja kona ya mwisho, kengele ya misheni ya Asumbi ilikuwa inalia, na uwanja wa nyumbani ulikuwa umejaa watu. Jua limeshaanza kushuka. Shimo tayari. Kando yake tunda la yago, refu kama paja la mtu mnene, limeviringishwa kwenye mkeka mpya. Ondieki alisimama juu ya udongo, amevaa koti la kuazima, koleo mkononi, uso wa huzuni ambao bila shaka aliufanyia mazoezi kwenye kioo.

"Monari mwanangu," alikuwa anasema, "pumzika. Shamba lako tutaliangalia."

"Simamisheni!" Mokaya aliruka kabla lori halijasimama, akaanguka, akainuka na matope. "Msizike! Nimekuja naye! Monari huyu hapa!"

Yule mtu mrefu alishuka kwenye lori, koti la jeshi, ndevu zenye mvi. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Mzimu!" Basi uwanja ukatawanyika. Mzee wa kanisa aliyekuja na Biblia aliruka ua wa miiba kwa namna ambayo haijaandikwa katika kitabu chochote cha Biblia. Ondieki aliachia koleo, likaangukia mkeka. Yago likabiringika nje, likashuka mteremko na kwenda kusimama miguuni mwa huyo anayedaiwa kuwa ndiye wa kuzikwa.

Alibaki mtu mmoja tu aliyeketi, bibi mdogo wa mwili, macho meupe, mikono mapajani. Ni Bonareri. Yeye hakuona kitu cha kukimbia.

"Nani amekuja?" akauliza.

Yule mtu aliliruka yago, akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Mama," akasema. "Nimefika, mama."

Wale waliokuwa nyuma ya migomba walianza kurudi mmoja mmoja. Mokaya alisimama pembeni, mikono kichwani, anacheka na kulia kwa zamu. Mwaka baada ya mwaka watu wamemwita kichaa wa visu. Haya, waje wamwone kichaa!

Bonareri hakucheka. Alinyoosha mkono. "Nipe kisu."

Alipewa. Akapitisha kidole gumba juu ya ubapa uliokunjwa, akampata simba, akapata kijishimo cha ukucha. Uso wake ukalegea kidogo.

"Ndicho," akasema. Akakirudisha. "Kifungue. Nataka kusikia."

Yule mtu alikipokea. Akakigeuza mkononi, akapapasa, akakifungua. Bonareri, asiyeona, aliweka kiganja chake juu ya mkono wa yule mtu wakati akifanya hivyo. Kisha akakiondoa kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mokaya."

"Naam, baba."

"Umesikia ulivyoniita?"

"Nimekuita baba."

"Na huyu ameniitaje?"

Mokaya akamgeukia yule mtu.

"Mwanangu Monari ni mashoto," Bonareri akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwa mzee wa kanisa ng'ambo ya ua. "Kisu hiki walikikosea kwa ajili yake. Angekifungua kwa kushoto, gizani, bila kukigeuza. Huyu amekigeuza, akafungua kwa mkono wa kulia. Na Monari, hata angekaa Burma mpaka mvi zidondoke, asingeniita mama. Kisu ni cha mwanangu. Mkono si wake."

Mtanilaumu mimi. Rudini juu msome tena, nimeandika kila kitu peupe. Huyu mtu hakusema hata mara moja kwamba yeye ni Monari. Ni Mokaya aliyesema, na nyinyi mkamfuata mbio, mkilia naye. Mtaalamu wa mihuri yote ya dunia aliona kisu kikigeuzwa mbele ya macho yake na hakuona kitu, kwa sababu alitaka sana kaka yake awe hai.

Ondieki ndiye aliyezinduka kwanza. Alilikimbilia yago, akalikumbatia kifuani. "Nilisema mimi! Amekufa! Huyu ni mwizi wa kisu cha marehemu! Tuzike, tuzike kabla giza halijaingia!"

"Weka chini hilo tunda," Bonareri akasema.

"Lakini shemeji..."

"Weka chini, Ondieki, au uingie nalo."

Ondieki akaliweka chini.

Bonareri akamgeukia yule mtu, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, kisu wazi mkononi. "Sasa sema. Mwanangu ulimwacha wapi?"

Yule mtu alikikunja kisu. Alikiweka mikononi mwa bibi, akamkunjia vidole juu yake.

"Kweli, mama. Mimi hapana Monari. Burma yeye nanibeba mgongoni, mimi iko na risasi hapa. Njia yote yeye nasema juu ya simba mbili na mama yake. Yeye iko hai. Yeye naishi ng'ambo ya mpaka, karibu na mimi. Yeye natuma mimi na hii kisu nitafute kama watu yake iko." Akainamisha kichwa. "Lakini yeye nasema, usiwaambie mahali. Mama, kama utaona yeye leo, utasema heri ungezika hii tunda."

Hata Ogweno alivua kofia.

Bonareri aliketi na kisu kimefumbatwa mikononi. Kisha akanyoosha mkono wa pili kwa Mokaya, naye akampa kile chake. Akavishika vyote viwili, akainuka bila kushikwa na mtu, akauelekeza uso kule alikosikia injini ikipoa.

"Dereva," akasema, "washa lori."